Kabla ya hapo ulibonyeza nini? Fundi anajibu barua zenu za virusi vya kompyuta

Barua za safari hii zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinasema kitu kilekile, "fundi, virusi vimeingia vyenyewe, mi sijagusa kitu". Haya, nawaamini, ila mlionizoea mnajua swali langu la kwanza huwa ni moja tu: kabla ya hapo ulibonyeza nini? Siulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu virusi vya siku hizi mara nyingi havivunji mlango, vinabisha hodi kwa adabu zote halafu mwenye nyumba ndo anafungua, na nikijua ulifungua mlango upi najua pa kuanzia kusafisha. Nimechagua barua chache, nyingine nimezikatakata maana kuna mtu kaniandikia historia ya laptopu yake tangu siku ya kuitoa kwenye boksi.

SWALI: Fundi salama? Mi ni mwalimu, nilipeleka flashi yangu sehemu ya kuprinti mitihani, kurudi nyumbani nikaichomeka kwenye laptopu nakuta folda zote zimekuwa shotikati (njia za mkato), kila moja ina kamshale kadogo pembeni. Nikibonyeza inafunguka vizuri tu na faili zipo kwa hiyo nikaendelea kutumia, ila sasa kila flashi ninayochomeka kwenye laptopu yangu inakuwa hivyohivyo. Mwenzangu ananiambia nifomati flashi. Nifomati? (Mwalimu mwenye haraka)

JIBU: Usifomati mwalimu wangu, shikilia hapohapo. Faili zako hazijaenda popote, zimefichwa tu.

Huyo mdudu ni wa siku nyingi na ujanja wake ni huu. Akifika kwenye flashi anazipa folda zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuonekana kama mali ya mfumo, na Windows ikiona alama hizo haizionyeshi. Palepale anatengeneza shotikati zenye majina yaleyale na kapicha kalekale ka folda. We ukibonyeza mara mbili, shotikati inafanya kazi mbili kwa mpigo, kwanza inamwamsha mdudu aliyelala kwenye flashi ajiingize kwenye laptopu, halafu inakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Umeandika mwenyewe "inafunguka vizuri tu", ndo hivyo sasa, imefunguka vizuri kwa makusudi.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kusafisha flashi na kuiacha laptopu, ni sawa na kudeki sakafu huku bomba linavuja. Anza na laptopu. Toa flashi zote, hakikisha una intaneti ili ulinzi wa Windows ujisasishe, fungua Windows Security, kwenye sehemu ya virusi utaona chaguo la kuskani wakati Windows haijawaka. Chagua hilo. Kompyuta itajizima, itawaka kwenye skrini ngeni kidogo, itaskani kama dakika 15 halafu itarudi yenyewe. Kwa nini hivyo? Kwa sababu mdudu anayefanya kazi anajua kujificha, lakini mdudu ambaye hajaamka hana ujanja.

Sasa flashi. Chomeka, usibonyeze chochote ndani yake, angalia tu imepewa herufi gani, tuseme F. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua hicho kiboksi cheusi, andika hivi kama ilivyo pamoja na nafasi zake halafu Enter:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Kama herufi yako ni nyingine badilisha hiyo F, na ukiona inalalamika kwamba imenyimwa ruhusa kwenye folda inayoitwa System Volume Information achana nayo, hiyo ni ya Windows wenyewe. Folda zako zitajitokeza. Wakati mwingine hazitokei moja moja, inatokea folda moja isiyo na jina kabisa, chini yake peupe, watu wanaiogopa wanaifuta. Usiifute! Mdudu alihamishia vitu vyako vyote humo. Kopi nyaraka na picha zako tu, faili zinazoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe usizozijua ziache zife nayo, halafu hapo ndo ufomati ukitaka.

Na ili uweze kuona hizo herufi za mwisho, nenda kwenye mipangilio ya kuonyesha faili uiambie Windows isifiche viishio vya majina. Ni kitu kidogo lakini mwaka 2000, mwezi wa tano, kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia nzima kwa barua pepe kwa sababu ya hiki kitu kidogo. Faili liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, Windows ikawa inaficha ile .vbs, watu wakaona barua ya mapenzi ya maandishi matupu wakafungua. Leo itakuwa "mtihani.pdf.exe", mchezo ni uleule.

Kwa kuongezea tu, maana napenda hizi habari: kirusi cha Brain cha mwaka 1986, kilichoandikwa na ndugu wawili kule Lahore, Pakistan, kilisafiri kwa disketi mkononi mwa watu kama flashi yako ilivyosafiri. Baadaye akina Conficker, 2008, wakatumia ile tabia ya Windows kuwasha flashi yenyewe ikichomekwa, Windows 7 ilivyokuja 2009 tabia hiyo ikakatwa kwa flashi. Kompyuta imekataa kuwasha, sasa nani atawasha? Ndo zikaja shotikati. Wewe ndo unawasha.

Siku nyingine mitihani yako itume kwa barua pepe uifungulie hukohuko, au tafuta flashi yenye kale kaswichi pembeni ka kufunga kuandika, zipo chache lakini zipo.

SWALI: Mtaalamu, nina antivairasi tatu kwenye kompyuta moja, zote za bure, nilidhani ulinzi ukiwa mwingi ndo vizuri lakini mashine imekuwa kobe. Nitoe ipi? Na je ninunue ya kulipia? (Msomaji wa siku zote)

JIBU: Fahali wawili hawakai zizi moja, we umeweka watatu. Kila antivairasi inataka kukagua kila faili kabla halijafunguka, sasa ukifungua picha moja tu hao watatu wote wanaikimbilia, na kila mmoja anamuona mwenzake anashikashika mafaili kwa namna ya kutia shaka, wanaanza kuwindana wao kwa wao. Mashine lazima iwe kobe.

Toa zote tatu. Ndiyo, zote. Tangu Windows 8, mwaka 2012, antivairasi kamili inakuja ndani ya Windows, leo inaitwa Microsoft Defender, na kwenye majaribio ya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria imekuwa ikisimama bega kwa bega na za kulipia. Ikiona antivairasi nyingine imeinstoliwa inakaa pembeni kwa heshima, ukiitoa hiyo nyingine inarudi kazini. Sasa tatizo ninaloliona kila wiki ni lile la antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu, muda wake umeisha zamani, haijisasishi tena, kazi yake imebaki kukukumbusha ulipie. Mlinzi kalala getini, na bado kashika funguo. Iondoe.

Ya kulipia sio mbaya, kuna watu wanataka huduma za ziada kama kulinda simu na kompyuta za familia nzima sehemu moja, sawa. Ila kama unanunua ukidhani ndo utaruhusiwa kubonyeza kila kitu, hela yako imepotea.

Ukitaka kujua kama mlinzi wako yuko macho kuna faili la majaribio linaitwa EICAR, ni maandishi ya herufi 68 tu, halina madhara yoyote, antivairasi zote kubwa zimekubaliana kulipigia kelele kama kirusi cha kweli. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR wenyewe. Defender ikinyamaza, ujue haiko kazini.

SWALI: Mwanangu naomba msaada, mimi ni mama mtu mzima, nilikuwa nasoma zangu habari ghafla kompyuta nzima ikawa nyekundu inalia kama gari la zimamoto, imeandikwa nina virusi vitano na nipige namba fulani haraka la sivyo picha zangu zitafutwa. Sikupiga, nilichomoa umeme. Tangu hapo kwenye kona ya chini vinanitokea vitangazo vya virusi hata nisipokuwa kwenye intaneti. (Mama M.)

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza pole, pili hongera kwa kutopiga, watu wasomi kabisa wamepiga hizo namba.

Mama huo haukuwa ugonjwa wa kompyuta, lilikuwa tangazo la kitapeli. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuingia kwenye diski yako ukahesabu virusi, ile asilimia inayopanda na majina ya mafaili yanayopita mbio ni katuni, ukifungua ukurasa huohuo kwenye simu utakuambia una virusi vitano vilevile. Na Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauwekwi namba ya simu. Ukiona namba ya simu hapo, huyo ni tapeli.

Likitokea tena usihangaike na umeme. Shikilia kitufe cha Esc bila kukiachia mpaka ile skrini nzima irudi kuwa dirisha la kawaida, funga. Likigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kitafunguka kidirisha chenye orodha ya programu, chagua brauza yako uizime humo. Ukiifungua tena ikikuuliza kama irudishe kurasa ulizokuwa nazo, kataa, maana itakurudishia moto uleule.

Sasa vile vitangazo vya konani. Hapa na wewe mama nakuuliza, kabla ya hapo ulibonyeza nini? Nadhani kuna ukurasa ulikuomba ubonyeze "ruhusu" ili uthibitishe umri au uangalie video, ukaruhusu. Ulichoruhusu ni notifikesheni, yaani umempa mtu usiyemjua haki ya kukutupia vikaratasi dirishani muda wowote. Ingia mipangilio ya brauza, sehemu ya faragha, tafuta notifikesheni, utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu, zile usizozijua zifute zote. Umemaliza, wala huhitaji fundi.

Ila kama kuna msomaji alipiga, na yule bwana wa simu akamwambia ainstoo programu ili "amsaidie kwa mbali", hilo ni jambo jingine kabisa. Kata intaneti sasa hivi, toa hiyo programu, chukua kifaa kingine ubadilishe paswedi ya barua pepe na ya benki, na uwapigie benki kwa namba iliyoko kwenye kadi yako. Benki kwanza, kuskani baadaye.

SWALI: Oya fundi, mi ni mwanafunzi naediti video kidogo kidogo. Nilidaunilodi programu ya kuediti yenye kraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa ili itumike bure, maelekezo yalisema nizime antivairasi kwanza, nikazima. Programu haikufunguka, nikaachana nayo. Kesho yake akaunti zangu zote za mitandao zimechukuliwa, na nilikuwa nimeweka uthibitisho wa hatua mbili! Nimeskani kompyuta mara tatu haioni kitu. Imekuwaje? (Imekula kwangu)

JIBU: Mdogo wangu, kabla ya kukuambia chochote nikiri kwamba na mi nimewahi kuzima antivairasi kwa maelekezo ya faili la maandishi lililokuja na kraki, miaka hiyo najiona mjanja, nikalala nikaamka nina brauza tatu nisizozijua. Kwa hiyo sikucheki. Lakini zamani kraki ilikuletea matangazo, siku hizi inakuletea mwizi.

Angalia hilo faili lilivyokuja. Naweza kubahatisha, lilikuwa zip, yaani mafaili yaliyobanwa kuwa moja, yenye paswedi, 1234 au mwaka, na paswedi imeandikwa palepale pembeni. Ushajiuliza kwa nini mtu afunge kitu kwa kufuli halafu aning'inize ufunguo mlangoni? Kwa sababu antivairasi haiwezi kuona ndani ya zip iliyofungwa, kazi ya kufuli ni hiyo tu. Likishafunguka unaambiwa uzime ulinzi, ukizima umemshika mwizi mkono ukamvusha.

Alichofanya humo ndani ni cha muda mfupi mno. Brauza yako inatunza paswedi, na inatunza pia kuki, wengine wanaita vidakuzi. Ukiingia kwenye akaunti yako mara moja tovuti inakupa kuki, ni kama ule muhuri wanaokugonga mkononi mlangoni kwenye tamasha ili ukitoka na kurudi usiulizwe tiketi. Mwizi kakopi mhuri. Akaenda kwake akauonyesha mlangoni, tovuti ikaona "ah huyu si ndo yule alishaingia", ikampitisha bila kumuuliza paswedi wala namba ya uthibitisho. Hatua mbili zako hazikushindwa, hazikuulizwa. Na wengi wa hawa wakimaliza kutuma mzigo wanajifuta, ndo maana unaskani mara tatu huoni kitu, unatafuta nyayo za mtu aliyeondoka jana.

Fuata mpangilio huu na usirukeruke. Usitumie hiyo kompyuta kubadilisha chochote. Chukua simu au kompyuta ya mtu unayemuamini, anza na barua pepe maana ndo mama wa akaunti zote, badilisha paswedi halafu, na hapa ndo watu wanasahau, tafuta sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote uibonyeze, hiyo ndo inaua ile mihuri ya zamani. Angalia pia kama hajaweka namba yake ya simu au barua pepe yake ya kurejeshea akaunti. Kisha mitandao, moja moja. Kompyuta yenyewe kopi nyaraka na video zako tu, usikopi programu hata moja, halafu ifute yote uweke Windows upya. Najua unataka niseme kuna njia fupi. Mi kwenye mashine iliyopita huko siiamini skani, nafuta.

Na kuhusu kuediti, DaVinci Resolve ina toleo la bure kabisa, Kdenlive na Shotcut ni za bure mwanzo mwisho, zote chukua kwenye tovuti zao wenyewe. Sio kwenye tangazo la juu kabisa ukitafuta, shuka chini ya matangazo, matapeli nao wananunua matangazo.

SWALI: Kuna tovuti ilinitaka nithibitishe kuwa mi sio roboti, badala ya kuchagua picha za magari ikaniambia nibonyeze kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Nilifika hatua ya pili nikaogopa nikafunga. Nimepona? (Nusura)

JIBU: Umepona. Kama hukugusa Enter hakuna kilichotokea, na ningekuwa na zawadi ningekupa wewe.

Huu mchezo ulishamiri mwaka 2024 na naupa heshima yake, ni wa kishenzi lakini una akili. Ulipobonyeza kale kakisanduku ka "mimi si roboti", ukurasa ulikopi amri kimyakimya ukaiweka kwenye ubao wa kunakilia wa kompyuta yako. Windows na R inafungua kiboksi cha kuendeshea amri, Ctrl na V inaibandika humo, Enter inaiendesha. Hakuna faili ulilopakua, hakuna kiambatisho ulichofungua, umeandika amri kwa mikono yako mwenyewe, sasa mlinzi atamkamata nani?

Ule mstari ulioubandika ulionekana kama "Mimi si roboti, namba ya uthibitisho 4827", sivyo? Kile kiboksi ni kidogo, kinaonyesha mkia wa maandishi tu. Ungerudi nyuma kwa kitufe cha Home ungekuta kichwa chake kinaanza na powershell au mshta (programu za Windows za kuendesha amri) na anwani ya tovuti, yale maneno ya roboti ni pambo la mwisho. Hakuna uthibitisho wa kweli duniani unaotaka Windows na R. Kopi neno lolote la kawaida ili kufuta kilichobaki kwenye ubao, endelea na maisha.

Mwenzako aliyebonyeza Enter arudi juu asome jibu la mwanafunzi, dawa yake ni ileile.

SWALI: Kaka nisaidie nimechanganyikiwa. Picha zote za watoto tangu wanazaliwa hazifunguki, kila jina limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni na kila folda ina faili la maandishi linalosema nilipe kwa bitcoin ndani ya siku tatu. Diski ya nje niliyokuwa naweka bakapu nayo hivyohivyo, ilikuwa imechomekwa. Nilipe? (Baba wa wawili)

JIBU: Pole sana kaka. Nitakuambia ukweli bila kukuzungusha.

Hiyo ni ransomwea, imezifunga picha zako kwa hesabu ambazo bila ufunguo hazifunguki, na hakuna fundi mwenye "programu ya kurudisha" anayeweza kuzivunja kwa nguvu. Ushauri wangu usilipe. Unamlipa mtu ambaye hana sababu yoyote ya kutimiza ahadi. WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 iliyopiga kompyuta kwenye nchi zaidi ya 150 ilikuwa inadai dola 300 za bitcoin, na wote walielekezwa kwenye akaunti tatu zilezile za bitcoin, sasa mwenye kudai hata angetaka angejuaje nani kalipa na nani hajalipa?

Tumaini lipo ila ni dogo. Kuna mradi unaitwa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama, tovuti yao ni nomoreransom.org. Unapandisha picha moja iliyofungwa pamoja na lile faili la kudai hela, inakuambia ni ransomwea ipi na kama ufunguo wake ushapatikana unapewa bure. Usipopatikana leo, usifute hizo picha, zikopi kwenye diski uziweke kabatini, kuna funguo hutolewa baada ya mwaka au miwili wahusika wakikamatwa. Halafu pekua kwingine: simu ya zamani, kadi ya kamera, picha ulizowatumia ndugu. Kama ulikuwa unatumia hifadhi ya mtandaoni ingia kwa brauza uangalie historia ya faili, nyingi zinatunza toleo la kabla halijaharibiwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo wahi.

Hilo la diski ndo limeniuma. Diski iliyochomekwa muda wote kwa ransomwea ni folda nyingine tu. Bakapu ni ile iliyochomolewa. Mafundi tuna hesabu ya 3, 2, 1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Mtu wa kawaida nakubali hata diski moja inayochomekwa Jumapili, inakopi, inachomolewa, inarudi kabatini. Baada ya kusafisha mashine washa pia ule ulinzi wa folda kwenye Windows Security, sehemu ya ransomwea, kawaida unakuja umezimwa, kazi yake ni kuzuia programu isiyojulikana kuandika kwenye folda zako za picha na nyaraka. Utakusumbua kidogo kwenye programu mbili tatu halali, uruhusu hizo mara moja basi.

Na apdeti usiziahirishe. Tundu ambalo WannaCry ilipitia Microsoft walishaliziba tarehe 14 Machi 2017, miezi miwili kabla. Huyo ni mmoja ambaye kweli hakuhitaji ubonyeze kitu, aliingia mwenyewe kupitia mtandao, na alichohitaji tu ni wewe uliyebonyeza "nikumbushe kesho".

SWALI: Bado niko Windows 10 na inapiga kazi vizuri. Ni hatari? Halafu rafiki yangu mwenye Mac anasema wao hawapati virusi.

JIBU: Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, haizimiki, ila matundu mapya hayazibwi tena. Microsoft waliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa watu wa nyumbani, mpaka Oktoba 2026, jiunge kwenye ukurasa wa apdeti kama mashine yako inakubaliwa. Isipokubali Windows 11 baada ya hapo, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwa mtu wa brauza na barua utazoea kabla wiki haijaisha. Rafiki yako mwambie atafute habari za kirusi cha Flashback cha mwaka 2012, kiliingia Mac zaidi ya 600,000.

SWALI: Mwanangu wa miaka 12 anatumia kompyuta yangu ya kazi kwa magemu na kila siku anaweka vinyongeza vya gemu kutoka kusikojulikana. Nimfungie kabisa?

JIBU: Usimfungie, mtengenezee akaunti yake, iwe ya kawaida isiyo na mamlaka, na yako yenye mamlaka iwe na paswedi asiyoijua. Kwenye akaunti ya namna hiyo programu ikitaka kujiinstoo kwa kompyuta nzima inasimama na kuomba paswedi ya mwenye nyumba. Haizuii kila kitu, vipo vinavyojiweka ndani ya akaunti yake tu na visifike kwako, lakini vikubwa vinagota. Na akija mbio jikoni au sebuleni kukuambia "baba njoo uandike paswedi", usiandike kwanza, kaa naye pale umuulize faili lilitoka wapi na lililetwa na nani. Watoto wanajibu hilo swali vizuri kuliko wakubwa.